Brooks B17: kiti cha ngozi cha baiskeli kwa safari ndefu

Kwa anayetoka Nairobi hadi Magadi na kurudi, B17 ni kiti kizuri, ila si cha kila mtu. Kina upana wa milimita 175 hivi na uzito unaozidi nusu kilo. Kinamfaa aliyeweka usukani sawa na kiti au juu kidogo. Ukiinama sana, kingo hukukwaruza mapaja. Hapo Swift, kiti kingine cha Brooks kilicho chembamba, ni bora. Ili kujua upana unaokufaa, kalia kwanza kipande cha katoni juu ya benchi, kisha pima kutoka katikati ya shimo moja la mfupa wa kalio hadi la pili.

Funga pua, yaani ncha ya mbele ya kiti, ikiwa imeinuka kidogo, la sivyo utateleza mbele na viganja vife ganzi.

Adui mkubwa ni maji. Ngozi iliyolowa, ukiikalia, hunyooka na kubonyea. Mvua ya Aprili inataka madigadi, kwani matope ya gurudumu hupiga chini ya kiti, mahali pasipopakwa nta. Mfuko wa plastiki wa kukifunikia ulipigwa marufuku Kenya 2017. Badala yake, kofia ya kuogea hufunika vizuri. Kikilowa, kikaushe kivulini. Mafuta ya kupikia usipake kabisa, hulegeza ngozi. Nati ya mbele, inayovuta ngozi, kaza robo mzunguko tu, na ni pale kinapobonyea.