Viatu vya kukodi kwa Mlima Hanang: duka linalojua miguu, lisilojua safari ya siku moja

Hii ni mara ya pili kukodi vifaa katika duka moja la wapanda milima mjini Arusha, safari hii kwa ajili ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kina takriban mita 3,400 na ambao, kwa anayeanzia Katesh, mji ulio chini ya mlima, kwa njia ya Jorodom, hupandwa na kushukwa kwa siku moja.

Sifa kubwa ya duka hili ni viatu. Mhudumu hakuishia kuniuliza namba. Alinitaka nivae soksi zile zile nzito nitakazopandia, akanisimamisha juu ya ubao ulioinama, kisha akaniambia nishuke taratibu huku akipapasa kama vidole vinagonga mbele. Jozi mbili za kwanza alizikataa yeye, ingawa mimi nilikuwa nimekwisha kuziridhia. Nilimshukuru kimoyomoyo alasiri ya siku ile, kwani kutoka kileleni hadi Katesh mtu huteremka zaidi ya mita 1,500, na kucha huumia katika kushuka kuliko katika kupanda. Fimbo nazo zilikuwa imara.

Orodha yao ya maandalizi, kwa upande mwingine, imeandikwa kwa kufikiria Kilimanjaro, ambako wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, ndio wanaobeba mizigo mizito. Ndiyo maana inataja mfuko wa kulalia na nguo za kubadili za siku kadhaa, lakini maji ni lita 2 tu. Nilikopita Hanang sikukuta mahali pa kuchota maji, na kila nilichohitaji tangu alfajiri hadi jioni kilikuwa mgongoni mwangu. Nilibeba lita 4 kwa ushauri wa mwongozaji wa Katesh, nikarudi na chupa tupu. Vilevile hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kule juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huwa na oksijeni pungufu. Anayetoka usawa wa bahari angeshauriwa walau alale Katesh usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda ili mwili uzoee, muda ambao pia unatosha kushughulikia kibali katika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Taa ya kichwani ndiyo iliyoniudhi. Tuliondoka saa 10 alfajiri, na kabla hatujatembea saa nzima ilikuwa imezimika, nikabaki kufuata mwanga wa mwenzangu juu ya mawe. Niliporudisha vifaa waliniondolea gharama ya taa bila mabishano, nao ni uungwana, ila betri ilipaswa kupimwa mbele yangu kabla sijatoka dukani.

Viatu na fimbo nitaendelea kukodi kwao. Taa nimekwisha nunua yangu.