Sarafu ya shilingi 500 baada ya muongo mmoja wa mzunguko: tathmini ya mwenye duka

Duka langu liko hatua chache kutoka kituo cha daladala, kwa hiyo sarafu zinazoingia kwenye droo yangu ni zile zilizotumika kuliko zote: zimeshinda kwenye kiganja cha konda zikigonganishwa ili abiria akumbuke nauli, zimefungwa kwenye pindo la khanga, zimeanguka mchangani zikaokotwa. Nimeona inafaa kuitathmini sarafu ya shilingi 500 kama bidhaa nyingine yoyote ninayoitumia kila siku, kwa kuwa tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipoiingiza katika mzunguko mwezi Oktoba 2014, kutokana na noti ya thamani hiyo kuchakaa upesi kwa kupita mikono mingi, imekwisha kupata muda wa kutosha kuonyesha uimara na udhaifu wake.

Ninapoandika haya nimeweka sarafu mbili juu ya meza, moja niliyoihifadhi tangu ilipokuwa mpya na nyingine niliyopewa jana jioni. Katika hii ya jana, pua na shavu la Sheikh Abeid Amani Karume vimelainika na kung'aa, na upande wa pili pembe za nyati zimepoteza ncha, lakini maandishi yaliyo karibu na ukingo bado yanasomeka bila shida. Sababu ni kwamba ukingo umeinuliwa makusudi ili upokee msuguano kabla ya sehemu nyingine, na herufi zilizo jirani yake hujificha chini ya kinga hiyo, ilhali uso, ambao umechomoza katikati, hauna wa kuukinga. Nilipozipima kwenye mizani yangu ndogo, ambayo husoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu, zote zilisoma gramu 9.5, uzito ule ule wa sarafu inapotoka kiwandani. Kinachoonekana kama uchakavu mkubwa ni upotevu wa tabaka jembamba mno, na kwa hilo naisifu sarafu hii kwa dhati.

Lawama yangu ni juu ya alama fiche, ile ambayo ukiigeuzageuza sarafu kwenye mwanga huonyesha mara 500, mara BOT. Imechorwa kwa mistari myembamba sana, na mistari ya namna hiyo haistahimili chembe za mchanga zinazokwama kati ya sarafu na sarafu. Kwenye ile mpya alama inajitokeza wazi. Kwenye ile ya jana nimeigeuza hadi macho yakachoka. Ina maana kwamba kinga dhidi ya bandia hufutika kwanza kwenye sarafu zinazozunguka sana, ambazo ndizo muuzaji hupokea kwa haraka bila kuzikagua.

Jambo la pili ni ngozi yake. Sarafu hii ni chuma kilichopakwa nikeli, na ndiyo maana sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu huinasa mara moja, lakini haiigusi sarafu ya 200 ya mwaka 1998, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli hadi ndani. Ile ya 200 huisha polepole bila kubadilika tabia, kwa sababu kilicho chini ni sawa na kilicho juu. Hii ya 500 ikichubuka, chuma hubaki wazi, na nikeli haifanyi kazi kama zinki ya bati la nyumba, ambayo huendelea kukilinda chuma hata bati likikwaruzwa. Unyevu wa chumvi ukipenya, kutu hutambaa chini ya ngozi na kuibandua. Kwa sisi wa mwambao, kopo lenye unyevu ni adui mbaya kuliko kiganja cha konda, na kuzisugua sarafu kwa mchanga na ndimu ili zing'ae ni kuzichuna ngozi.

Kwa kazi ya chenji sitaki turudi kwenye noti ya 500, iliyokuwa ikinifikia imechanika na kunuka jasho. Ninachoomba ni kwamba toleo lijalo liishushe alama fiche ndani zaidi na kuisogeza karibu na ukingo, pale ambapo maandishi yameweza kudumu.