Gari letu la mkononi na eabegi ya abiria: uzoefu wangu

Gari hili nililinunua Agosti 2020 mkononi kwa mtu, Tabata, Dar es Salaam, lenye namba za usajili za mfululizo wa C, kwa shilingi milioni 7.8 baada ya kuvutana bei wiki nzima. Ni gari dogo la Kijapani la milango mitano, CC 1300, la mwaka 2006. Mtengenezaji simtaji, maana ninachotaka kueleza, hitilafu ya eabegi (mfuko unaofutuka gari likigonga ili kumkinga aliyekaa), kiliyakumba makampuni mengi na wala si jina moja.

Kwa matumizi ya nyumbani sina ugomvi nalo. Lita moja inanipeleka kilomita 13 kwenye foleni ya Mandela, na 16 tukienda Bagamoyo. Spea zake zipo kila kona. Bushi za mbele zinakwisha haraka kwa sababu barabara ya mtaani kwetu ni makorongo, na tukijaa watano linapiga chini kwenye matuta. Viti vya nyuma vinakunjwa, magunia mawili yanaingia bila shida. Kama ni hayo tu, ningesema nunua, ukae nalo kwa amani.

Siku ya kununua nilikwenda na fundi umeme ninayemwamini. Alifungua swichi, tukaitazama taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na puto mbele yake. Ikawaka sekunde chache, ikazima. Akaniambia, "Mama, eabegi zako nzima, hapa huna tatizo." Fundi hakunidanganya, ndivyo alivyofundishwa, na taa ilifanya kazi yake. Mimi nikalala usingizi kwa miaka mitatu.

Mdogo wangu wa kiume anasoma Kuala Lumpur. Siku moja, katikati ya 2023, alinipigia akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza: "Dada, gari lako la mwaka gani? Namba ya chesisi unayo?" Jirani yake kule alikuwa amepeleka gari kubadilishiwa eabegi bure, na katika mazungumzo akamsimulia kisa cha Sarawak, Julai 2014, ambako mwanamke mjamzito alipata ajali, eabegi ikafutuka, na kilichomuua kikawa kipande cha chuma kilichoruka kutoka ndani ya eabegi yenyewe. Mtoto naye hakupona. Nilikuwa nimesimama jikoni nikisikiliza, nikazima jiko nikakaa.

Eabegi watu wanaifikiria kama puto. Haijazwi hewa kwa pampu. Nyuma ya ule mfuko wa kitambaa kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali vinavyowaka kwa kasi na kutoa gesi. Gari likigonga, kompyuta inatuma umeme, vidonge vinawaka, na mfuko unajaa ndani ya milisekunde 30 hadi 50, yaani kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa eabegi duniani, ilitumia naitreti ya amonia kwenye makopo yake. Ni jamii ileile ya mbolea ya kukuzia, na ya baruti za migodini.

Aliyekulia shambani atanielewa haraka. Mfuko wa mbolea ukiachwa wazi unavuta unyevu, unalowa, unakauka, mwisho unakuwa mabonge. Ndani ya kopo la eabegi kinatokea kitu cha jamii hiyo, polepole, kwa miaka. Joto la mchana na ubaridi wa usiku vinapokezana, unyevu unapenya, vidonge vinalegea na kujaa vitundu. Siku vinapowashwa vinawaka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, kopo linashindwa kuhimili, linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa kuelekea usoni na shingoni. Makopo yaliyokuwa hatarini zaidi ni yale yasiyowekewa kikausha unyevu, kitu kinachofanya kazi kama vile vipakiti vidogo tunavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Ndiyo sababu sehemu za joto na unyevunyevu zilipewa kipaumbele makopo yalipoanza kubadilishwa. Sasa fikiria Dar es Salaam. Fikiria Tanga, Mombasa, Unguja. Gari langu linaanikwa Posta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, siku tano za wiki, vioo vimefungwa.

Takata ilifilisika Juni 2017. Marekani peke yake iliita takriban eabegi milioni 67 zibadilishwe, kwenye magari ya Honda, Toyota, Nissan, BMW, Ford na wengine wengi. Australia mwaka 2018 iliwalazimisha watengenezaji kwa amri ya serikali. Japani nayo, tangu mwaka huohuo, gari lililotajwa kuwa na kopo la hatari zaidi na halijabadilishwa halipiti ukaguzi wao wa lazima. Hapa ndipo ninapokasirika, na sitaficha. Gari ambalo kwao haliruhusiwi kutembea barabarani, kwetu linapeleka watoto shule.

Na si kwamba kuna mtu ameficha siri. Barua ya wito wa kiwanda, yaani ya kumtaka mtu arudishe gari libadilishiwe kifaa bure, inatumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Gari langu lilishuka bandarini Dar mwaka 2013, wito ulitangazwa 2015. Kama barua iliandikwa, ilikwenda kwa mtu wa Japani aliyeliuza kitambo. Cheti cha ukaguzi nilichokabidhiwa pamoja na kadi ya gari kimeandikwa breki, taa, matairi, moshi. Mstari wa wito wa kiwanda haumo. Aliyeniuzia Tabata hakujua, na aliyemuuzia yeye hakujua.

Kuhakiki kulinichukua jioni moja, na kuna mtego nataka uuone. Namba ya chesisi ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani ni fupi: herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Haifanani na ile ya herufi na tarakimu 17 ya magari ya Marekani na Ulaya. Mimi nilianza na tovuti ya serikali ya Marekani, ikaikataa namba yangu, na nusura nifurahi nikidhani gari langu halimo. Halimo kwa sababu halikuuzwa Marekani, basi. Pa kutafuta ni kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe. Mume wangu alisimama nyuma yangu ameshika simu yake yenye programu ya kutafsiri, mimi nikaingiza sehemu ya kwanza ya namba kwenye kisanduku kimoja, tarakimu saba kwenye kingine. Zikatoka nyito mbili. Moja ya swichi ya dirisha, imetekelezwa. Ya pili, kopo la gesi la eabegi ya abiria wa mbele, haijatekelezwa. Tuliisoma mara tatu, kisha mume wangu akaenda nje na tochi kuisoma tena namba kwenye bodi ya gari, asije akawa amekosea tarakimu. Hakuwa amekosea.

Na taa ya SRS? Asubuhi yake iliwaka sekunde chache ikazima, kama kawaida. Kompyuta inakagua nyaya na soketi, kama umeme utafika. Haioni vidonge vilivyomo ndani ya kopo vimekuwaje. Gari lenye kopo bovu na gari lenye kopo zima yanawasha taa ileile kwa namna ileile.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Jibu lake: "Mama, hiyo nakutolea tu, naweka risista, taa haitawaka, unaendelea na maisha." Risista, kifaa kidogo cha umeme, inaidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo. Nilikataa. Ukimuuzia mwingine hilo gari, unamkabidhi uongo anaoendesha nao. Pia sikutaka mtu ashike lile kopo bila kujua anashika nini. Fundi wa pili, wa eneo la Gerezani, aliniletea eabegi ya mtumba kwa shilingi 120,000, safi, imefutwa vumbi, imetoka kwenye gari la toleo hilohilo lililogongwa nyuma. Nilikaribia kutoa hela. Kisha nikajiuliza: toleo lilelile, mwaka uleule, kopo lilelile, na limeanikwa juani miaka ileile. Baadaye nilisoma juu ya msichana wa Las Vegas aliyeumizwa shingoni Machi 2017. Gari la familia lilikuwa limewekewa eabegi iliyochomolewa kwenye gari jingine lililopata ajali. Wenyewe hawakujua. Eabegi za mtumba tuziache kabisa, hata ukipewa bure.

Kwa wakala rasmi nilikwenda na kadi ya gari na picha ya ule ukurasa. Dada wa mapokezi alinisikiliza nusu, akasema, "Dada, hili gari hatukuliuza sisi, limekuja kwa njia ya yadi." Nikamwambia namba ni ya kiwanda chenu na wito ni wa kiwanda chenu. Akarudia sentensi ileile. Nilitoka pale machozi yananilengalenga, si kwa ajili ya gari, ni kwa kuona suala la uhai wa mtu linafungwa kwa sentensi moja.

Usiku ule nikaandika barua pepe kwa ofisi ya wateja ya mtengenezaji huko Japani. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, niliandika mistari sita tu: namba ya chesisi, picha ya bodi, picha ya ukurasa wa wito, mji nilipo, na swali moja, nipeleke wapi? Siku ya 19 likaja jibu. Wito unafuata gari na si muuzaji, wakala wa nchi yangu ataarifiwa, kifaa na kazi havilipiwi. Niliichapisha ile barua stendi kwa shilingi 200, nikarudi nayo. Safari hii aliyenipokea alikuwa msimamizi wa karakana, mzee mpole, akaniomba radhi kwanza ndipo akanukuu namba. Kifaa kiliagizwa, kikachukua wiki kumi na moja.

Katika hizo wiki kumi na moja kiti cha mbele cha abiria hakikukaliwa na mtu. Nilifunga kamba nyekundu kwenye mkanda wake ili nisisahau. Watoto wetu wanakaa nyuma siku zote, hilo halikubadilika. Kwa mama mkwe wangu mambo yalikuwa magumu. Magoti yanamsumbua, na kiti cha mbele ndicho anachoweza kuingia bila kukunja miguu sana. Kila Jumapili tukienda kumchukua Mbagala kwa ajili ya ibada, ilibidi tumshike mikono miwili kumwingiza nyuma, kati ya wajukuu. Sikumweleza kila kitu, nilimwambia kiti kina hitilafu. Sikuweza kumtamkia kwamba mbele yake kuna chuma.

Siku ya kubadilisha waliniruhusu nitazame kwa nyuma ya mstari wa njano. Fundi alichomoa betri kwanza, akasubiri, kwa sababu kompyuta ya eabegi inabaki na umeme kidogo hata betri ikiondolewa. Akatoa droo ya dashibodi na vifuniko, akafikia soketi ya njano. Nyaya za eabegi ni za njano, ukiziona zikining'inia kwenye gari unalotaka kununua, uliza maswali. Kopo la zamani likatoka. Silinda ya chuma, ndogo kuliko chupa ya soda, ina kutu kidogo pembeni na kibandiko chenye namba. Nililitazama muda mrefu. Miaka mitatu lilikuwa mbele ya kifua cha kila mtu niliyempa lifti. Walinukuu namba yake, wakaliweka kwenye boksi maalumu, wakaweka jipya, wakaunganisha, wakanipa karatasi iliyogongwa muhuri. Kazi yote ilichukua muda wa saa mbili na dakika chache. Sikulipa kitu.

Karakana yao naipa sifa zote. Mapokezi yao ya siku ya kwanza siyapi hata nusu, na ninaogopa kuna waliorudishwa na sentensi ile wakakata tamaa, sasa hivi wako barabarani.

Kitu kimoja nilichojifunza kwa yule mzee wa karakana, na magari mengi mjini yanakikosea: usiweke boksi la tishu, manukato wala mdoli juu ya dashibodi upande wa abiria. Hata eabegi nzima ikifutuka, hivyo vitu vinageuka mawe. Na dereva asisogee usukani mno, aache angalau sentimita 25 kati yake na stelingi, mkanda umefungwa.

Tangu hapo nimehakiki namba za magari manne ya majirani na ndugu, tukiwa tumekaa barazani na simu. Matatu hayana wito wowote unaosubiri. La nne, la mwalimu wa mtaa wa nyuma, linao wa upande wa dereva. Barua yake ya Japani tumeituma wiki iliyopita, na kwa sasa anapanda daladala.

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo tulikwenda Mbagala kama kawaida. Nilishuka, nikamwamkia mama, nikafungua mlango wa mbele. Akasimama akakitazama kiti. "Kimepona?" Nikamwambia, "Kimepona, mama." Akaingia mwenyewe, akaweka mkoba mapajani, nikamfungia mkanda, nikakunja ile kamba nyekundu nikaitia mfukoni.