Pikapu ya dragi: ununue nini kwanza ili propela, difu na giaboksi vidumu

Wakuu, kuna swali linarudi kila mara kwa wenye pikapu zilizotiwa nguvu: injini nimeshaimaliza, bust (presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini) imepanda, programu ya injini ishapigwa, sasa hela iliyobaki niiweke wapi ili gari lisipasuke mstarini? Wengi wanakimbilia tairi za dragi, yaani za mbio za mstari mnyoofu. Mimi naziweka mwisho kabisa, na mpangilio wote hapa chini umetokana na hilo.

Tupige hesabu kidogo. Chukua Ford F-150 Lightning ya 2001 hadi 2004, ile V8 ya lita 5.4 yenye supachaja, kiwandani ilitoka na hospawa 380 na torki ya Nm 610 hivi. Gia ya kwanza ya giaboksi yake ni 2.71 na difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ni 3.73. Zidisha 610 kwa 2.71 halafu kwa 3.73, unapata zaidi ya Nm 6,100 kwenye ekseli ya nyuma, na hapo hujahesabu konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya oto), maana gari likiwa limesimama konveta peke yake inaweza kukuzidishia torki karibu mara mbili. Na hiyo ni injini ya kiwandani, haijaguswa! Kinachookoa vyuma ni kwamba tairi la kawaida linateleza mapema na torki ikizidi inaishia kwenye moshi. Yaani tairi la kawaida ndio fyuzi yako. Ukiling'oa ukaweka linalonata kama gundi, mzigo unarudi nyuma kutafuta chuma dhaifu kuliko vyote, na kwenye pikapu yenye tani mbili na zaidi utapatikana tu.

NAMBA MOJA: baa za kuzuia ekseli isijipinde

Hii ni moja ya bidhaa za bei ndogo kwenye orodha na ndio inayookoa vyuma vingi, na bado watu wanairuka kwa sababu haionekani na haiongezi hospawa hata moja. Pikapu nyingi nyuma zina springi za bapa, zile zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimetengenezwa kubeba mzigo. Ukikanyaga mafuta, pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) inapanda kwenye krauni (gia kubwa ya difu) na pua ya difu inataka kuinuka juu, springi zinajikunja mfano wa herufi S, zikifika mwisho zinajirudisha kwa nguvu, tairi linaachia lami, halafu linashika tena, linaachia, linashika. Ule mtetemo unaousikia nyuma, du-du-du-du, kila "du" ni nyundo inapigwa kwenye krosi (maungio ya propela), kwenye meno ya pinioni na kwenye hafu shafti (zinazotoka difu hadi magurudumu). Vyuma ambavyo vingebeba torki ile vizuri kabisa kama ingekuja taratibu vinakatika kwa sababu inakuja kwa mapigo.

Sio kitu cha kufikirika hiki, Dodge walipotoa Ram SRT-10 yenye V10 ya lita 8.3 na hospawa 500 mwaka 2004 waliiwekea shokapu ya tano nyuma, kazi yake kutuliza huo mruko tu. Kama kiwanda kiliona inahitajika kwenye gari jipya, wewe uliyeongeza nguvu juu yake unangoja nini.

Unaponunua angalia baa ndefu inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye fremu, yenye maungio yanayoruhusu springi kupanda na kushuka kawaida. Zile fupi zinazofungwa chini ya springi zenye raba mbele zinasaidia kiasi, ila kwa tani mbili na bust ya maana naona hazitoshi. Na ukishafunga lazima upime upya pembe ya pinioni, kwenye springi za bapa pua ya difu huwa inaachwa imeinama digrii kadhaa ili ikinyanyuka chini ya nguvu ije ilingane na propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu. Kama gari lako lina koili nyuma na mikono ya kushikilia ekseli, mfano Ram TRX, basi ruka hii namba, springi za koili hazina kazi ya kuzuia ekseli isizunguke, ila kagua bush za hiyo mikono maana bush iliyokufa inaleta mruko uleule.

NAMBA MBILI: propela, krosi zake, na pete ya usalama

Nimeiweka hapa juu kwa sababu ya usalama zaidi ya kitu kingine. Propela ikikatika upande wa mbele ikashuka chini na gari liko kasi, inaweza kuchimba lami na kulinyanyua gari lote. Pete ya chuma inayozunguka propela karibu na krosi ya mbele inaizuia isianguke, na kwenye sheria za NHRA, chama cha mbio za dragi kule Marekani, ni lazima hata kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 kama linatumia tairi za sliki (laini zisizo na mikato). Pete nunua leo, hata kabla ya hizo baa, hata kama dragi utaenda siku moja moja. Sitanii kwenye hili.

Sasa propela yenyewe. Tatizo la pikapu ni urefu. Kila propela ina kasi ambayo ikifika inaanza kujipinda katikati kama kamba ya kuruka, na kasi hiyo inashuka haraka sana urefu ukiongezeka, ukirefusha mara mbili inabaki robo. Kwa mfano una tairi la kipenyo cha sentimita 72 na difu ya 3.73, ukifika kilomita 190 kwa saa propela inazunguka zaidi ya mara 5,200 kwa dakika. Ndio maana viwanda vingi vinaigawa vipande viwili na kuweka beringi ya katikati, na kwenye dragi hiyo beringi na raba yake ndio zinakufa mapema. Chaguo langu kwa mtu wa kawaida ni alumini ya kipande kimoja yenye kipenyo kikubwa na krosi kubwa zisizo na tundu la grisi, kwa sababu tundu lile linapunguza nyama ya chuma pale pale panapobeba. Kaboni ni nyepesi na inavumilia kasi kubwa zaidi, lakini bei yake mimi naona imfae aliyemaliza kila kitu kingine. Yoyote utakayochukua mwambie fundi muuzaji urefu wako, difu yako na kasi unayofikia mwisho wa mbio, asipokuuliza hayo mwenyewe tafuta mwingine.

NAMBA TATU: hafu shafti

Nguvu ya shafti kwenye msokoto inakwenda na kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo, yaani ukitoka shafti ya meno 31 yenye milimita 33 hivi ukaenda ya meno 35 yenye milimita 38, kwa macho tofauti ni ndogo lakini uwezo unapanda kama nusu nzima, chuma kikiwa kilekile. Halafu kuna aina ya chuma: za kiwandani mara nyingi ngozi ya nje imekomazwa na ndani pamebaki laini, za dragi ni 4340 au 300M, majina ya aloi za chuma imara.

Kuna kipimo kizuri hakina gharama. Shafti ikiwa nje, piga mstari mmoja wa rangi mnyoofu kutoka kwenye meno hadi kwenye flanji, rudisha, kimbia nayo, siku ukifungua tena angalia mstari. Ukiwa bado umenyooka shafti iko salama upande huo, ukiwa umejizungusha hata kidogo hicho chuma kimeshavuka uwezo wake na hakirudi, kinangoja siku yake. Tazama pia meno yenyewe, yakianza kulala upande mmoja usiulize mtu, toa.

Angalia na namna shafti inavyoshikiliwa. Difu nyingi za pikapu zinaishika kwa kipande kidogo cha herufi C ndani ya difu, sasa shafti ikikatika gurudumu linatoka nalo nje na breki yake. Seti ya kuishikilia kwa nje kwenye ncha ya ekseli ni ya lazima ukifika sekunde 10.99 chini ya NHRA, mimi ningeiweka mapema zaidi ya hapo.

NAMBA NNE: giaboksi

Ukiwa na oto (giaboksi inayobadili gia yenyewe) iliyoongezewa bust nyingi hii inaweza kupanda hadi namba mbili, sibishani. Ila usianze na giaboksi nzima ya kujengwa upya. Anza na kula ya mafuta (kipoza mafuta), kubwa, yenye feni yake, na geji ya joto unayoiona ukiwa umekaa. Oto inakufa kwa joto na kwa presha ndogo ya klachi za ndani. Mafuta yakizidi digrii 120 yanaanza kuharibika, klachi zinateleza, zikiteleza zinaongeza joto, mzunguko ndio huo. Baada ya hicho kipoza, konveta inayoendana na injini yako, kisha shafti ya kuingilia ya chuma kigumu. Transibreki (breki ya ndani ya giaboksi inayoshikilia gari mstarini) iwe ya mwisho, inaachia torki yote kwa kishindo kimoja na namba moja hadi tatu zote zinaisikia.

Wenye giaboksi ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono): klachi ya diski mbili inayoshika ghafla inavunja nyuma. Chukua inayokubali kuteleza kidogo mwanzoni, itaisha haraka, lakini diski unabadilisha jioni moja, krauni hapana.

NAMBA TANO: ndani ya difu

Difu wazi (inayoacha tairi moja lizunguke peke yake) toa, tairi moja likiteleza zile gia ndogo za ndani zinazunguka kasi ambayo hazikutengenezewa na zinaungulia kwenye pini yake. LSD ya klachi (difu inayopunguza tairi moja kuteleza peke yake) inafaa gari linalotembea barabarani pia, spuli (inayofunga tairi zote mbili zizunguke pamoja) ni ya gari la dragi tu. Na msikimbilie difu kali, ukitoka 3.55 kwenda 4.10 pinioni inakuwa ndogo, meno machache, nguvu ndogo. Krauni na pinioni zinanunuliwa pamoja zikiwa na namba moja ya kiwandani, msichanganye za gari mbili tofauti hata kama zinafanana.

NAMBA SITA: sasa tairi

Hapa ndipo mnaziweka, na mwanzo muanze na tairi za radial za dragi zenye ubavu laini, ubavu ule unajikunja kidogo wakati wa kuondoka na kunyonya kishindo. Wenye gari za magurudumu yote, kama GMC Syclone ya 1991 au wengine wa mtindo huo, mzunguko wa tairi za mbele na nyuma lazima ulingane, pima kwa tepu chini kabisa zikiwa na upepo wake, maana zikitofautiana kapilingi ya kati (kiungo kati ya ekseli za mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, inachemka, na baada yake ni cheni ya transifa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma.