Grenze Gotisch kwenye bango la kwaya: uzoefu wangu

Nina duka la stesheneri na uchapaji hapa Moshi, karibu na stendi. Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa kwaya na kitabu cha nyimbo cha Kijerumani cha marehemu babu yake, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. "Dada, nataka bango na tisheti zenye maandishi kama haya." Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo ombi lake nililielewa. Maandishi hayo, ya Kigothi, ni ukoo wa herufi ulioanzia kwenye kalamu bapa za waandishi wa zama za kati, na mchapaji Gutenberg aliziiga alipochapa Biblia yake Mainz miaka ya 1450.

Nilipakua Grenze Gotisch, fonti ya kompyuta ya mtindo huo, kazi ya Renata Polastri wa Omnibus-Type, Argentina. Ni bure kabisa, na leseni inaruhusu kazi ya kulipwa. Ina unene wa ngazi tisa, 100 hadi 900. Nikachukua 900, nikaandika TUMWIMBIE BWANA kwa herufi kubwa tupu.

Hapo nilikosea. Herufi kubwa za ukoo huu zina mikunjo mingi, zimeumbwa kusimama peke yake mwanzoni mwa neno. Ukizipanga tisa mfululizo zinagombana. Kijana wa bodaboda pale nje akauliza, "Sista, hapo pameandikwaje?" Turubai lile nikalikunja, hasara yangu.

Nikarudia: Tumwimbie Bwana. Afadhali, ila bado. Kiswahili kimejaa m, n, u na i, na kwa kalamu bapa herufi hizo zote ni vijiti vilivyosimama safu moja. Hata nukta ya i waandishi wa kale waliiweka ili isipotee kati ya vijiti vya jirani. Sasa tazama "umwim" kwa unene wa 900: weupe uliomo ndani ya herufi unabaki kama uzi. Nilishuka hadi 700, nikaziachanisha kidogo mno, maana ukizidisha ule msuko wake unafumuka. Likasomeka hadi ng'ambo ya barabara, na lilipendeza kweli.

Kwenye tisheti kazi ilikuwa ncha. Herufi za sentimita mbili, nikibandua mabaki ya stika niliyoikata, ncha zinaondoka na taka. Kwa sentimita nne zimetulia, hata baada ya kupigwa pasi ya mashine. Tarehe na mahali niliandika kwa Grenze ya kawaida, ndugu yake, inayosomeka hata ikiwa ndogo. Kwa kadi ya harusi ningeweka majina ya maharusi tu. Aya nzima sithubutu.

Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo alitandaza tisheti kaunta, akafungua kitabu pembeni, akapitisha kidole kwenye B ya huku na B ya kule. Kisha akaagiza nyingine kumi za kwaya ya watoto. Hizo nitazijaribu kwa 600.