Jeki nne za mkasi na moja ya chupa kwenye Coaster ya kulala: uzoefu wangu Msimbati na Newala

Coaster yangu ilitolewa viti, ikawekwa kitanda, jiko na friji ya gesi. Ikijazwa maji na mizigo inavuka tani 4. Seti niliyonunua ni jeki nne za mkasi (zinapanda kwa kuzungushwa skrubu) zinazofungwa kwa bolti kwenye chesisi, moja kila pembe, pamoja na jeki ya chupa ya tani 5, ile inayonyanyua kwa mafuta. Jeki za mkasi nimezipenda na sina mpango wa kuzifungua. Ila boksi lina picha ya gari lililoinuliwa kwa jeki hizo mpaka matairi yanaelea hewani, na muuzaji naye alinisifia hivyohivyo. Picha hiyo ipuuzeni.

Jeki hizi ni za kutuliza gari, si za kulinyanyua. Mtu akitembea ndani, gari linacheza kwenye springi. Jeki zikigusa ardhi na kukazwa kidogo, mchezo huo unakwisha na chai haimwagiki. Ukizibebesha gari zima, skrubu inapinda. Ukiinua pembe moja peke yake, chesisi na bodi vinajinyonga, na dalili ya kwanza ni mlango kugoma kufunga.

Hatari yenyewe iko nyuma. Magari mengi ya namna hii handibreki yake inakamata propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, haikamati magurudumu. Tairi moja la nyuma likiachana na ardhi, difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, inaliruhusu lizunguke, na mwenzake aliyebaki chini naye anapata nafasi ya kuzunguka. Gari linateremka na handibreki imevutwa hadi mwisho! Kwa hiyo kabla ya kugusa jeki yoyote, naweka vizuizi vya mbao kwenye matairi upande wa mteremko, na tairi la nyuma halinyanyuki hata kidogo.

Tofauti kubwa ya ardhi naimaliza kwa matairi: napanga mbao pana upande wa chini, kisha napandisha gari juu yake taratibu, mtu mmoja akiwa nje ananiongoza. Naweka pima maji ya fundi mwashi sakafuni karibu na friji. Nasawazisha kwanza kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma. Friji ndiyo hakimu wangu, maana haina kompresa. Amonia ndani yake inarudi chini kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo gari likilala upande sana friji inaacha kupooza ingawa moto unawaka, na samaki mliyempigania bei Mtwara mjini anaanza kunuka.

Msimbati ni mchanga, na mchanga hauna huruma na jeki ya chupa. Kitako chake kina kama sentimita 10 kwa 10. Kikibeba tani 1, kila sentimita ya mraba inasukumwa na kilo 10. Niliijaribu makusudi bila mbao ili nione. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniuliza, "Mjomba, hapo unapandisha gari au unachimba kisima?" Ukiiweka juu ya ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, mzigo uleule unashuka chini ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Na mara nyingi huko pwani jeki haihitajiki kabisa: fukua mchanga chini ya matairi ya upande wa juu, gari litashuka lenyewe.

Newala, kule kwenye ukingo wa mwinuko karibu na Shimo la Mungu, kiangazi ardhi ni ngumu na shida ni mteremko tu. Mvua zikianza, udongo unalainika usiku na jeki zinadidimia, hivyo asubuhi pima maji inarudi sakafuni kabla ya kuwasha friji.

Jeki ya chupa niliinunua chini ya laki moja na inanyanyua vizuri. Naiweka chini ya chesisi, si chini ya ekseli, ili springi ijinyooshe na tairi libaki chini. Lakini kukeshesha gari juu yake, hapana, kwa sababu mafuta hupenya sili polepole. Uzito nauhamishia kwenye stendi ya chuma, kisha naishusha. Na hakuna anayeingia uvunguni, hata kuokota mpira wa mtoto.

Kasoro mbili. Mkono wa kuzungushia jeki za mkasi ni mfupi mno, inabidi mtu alale kifudifudi ili auzungushe. Fundi wa kuchomelea aliniongezea urefu na sasa nazungusha nikiwa nimechuchumaa. Kutu nayo inakuja haraka kwa chumvi ya bahari. Nasugua mchanga wote kwa brashi kwanza ndipo napaka grisi, la sivyo grisi inashika mchanga na kusaga skrubu.

Mwenye Coaster au gari kubwa kuliko hiyo, seti hii inafaa. Mwenye Noah yenye godoro nyuma anunue mbao na pima maji tu, pesa inayobaki aweke mafuta ya kufika Kilwa.