Uzoefu wangu: banda la lubugo kwenye maonyesho ya Kampala

Mimi ni fundi cherehani, nashona Bombo. Kwenye maonyesho ya kimataifa ya biashara hapa Kampala nilinyoosha hadi banda la kanda ya kati, maana niliambiwa lubugo, nguo ya gome la mti ya Waganda, linagongwa palepale. Kweli lilikuwa linagongwa.

Mzee mmoja alikaa chini mbele ya gogo, juu yake gome la ndani la mti wa mutuba, bichi, limelowa. Gome huchunwa msimu wa mvua, kisha kidonda cha mti hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jingine. Alikuwa na nyundo za mbao, ensaamu, zenye mifereji: anaanza na ile ya mifereji mipana, anamalizia na ile nyembamba kama meno ya kitana. Kila akipiga, gome linatanuka. Alinipa nyundo nijaribu.

"Taratibu, nnyabo, linasikia," akaniambia. Nnyabo ni "mama" kwa Kiluganda.

Palipotoboka alitia kiraka kwa uzi wa ukili. Nilikisogeza karibu na macho. Tundu na tundu zimepishana sawasawa, na hakupima kwa chochote.

Ukutani walieleza kwamba UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005, na kwamba uliporomoka karne ya 19 misafara ya pwani ilipoleta nguo za pamba. Hapo nilisimama muda mrefu. Kiswahili changu na merikani ninayokata kila siku vilipanda huku kwa njia moja, na vikamkuta huyu mzee, yaani babu zake, wakiwa kazini. Maelezo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza na Kiluganda tu. Wageni wa Kongo na Tanzania waliokuwa nami walitazama picha wakaondoka. Hilo waandaaji walirekebishe, ni bango moja tu.

Kilichoniuma zaidi ni meza ya mauzo. Nilinunua mkoba wa lubugo kwa shilingi 70,000, na siku ya nne mkono wake ukachanika kwenye mshono. Nilipoufumua niliona sababu: umeshonwa kwa mashine, mishono imebanana, uzi wa nailoni. Lubugo halina mtande wala mshindio, yaani nyuzi za wima na za kukatiza kama kitambaa cha kufumwa; ni nyuzi za gome zilizoshikana kwa kugongwa. Ukilitoboa kwa kubananisha, umelichorea mahali pa kuchanikia. Linataka mshono mrefu, sindano nyembamba, na bitana ya pamba ndani ibebe uzito. Mzee anayegonga anajua hayo, na alikuwa hatua kumi tu kutoka kwa aliyeuza mkoba. Kwa nini wasizungumze?

Nimeushona upya, natembea nao. Banda nalipa nyota nne. Nenda asubuhi, gome likiwa bado bichi, ukae karibu na gogo. Mkoba, geuza ndani nje kabla hujatoa hela.